Nimetoka KKKT Bukoba, nimehamia Kisumu: mbona Walutheri wa huku ni wachache hivi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mlutheri wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kutoka Bukoba, nimehamia Kisumu na familia yangu kikazi. Kwetu kanisa la Kilutheri lipo kila kona, huku nikiuliza watu wananishangaa, wananielekeza kwa Waanglikana au Wasabato. Kwa nini Walutheri ni wachache wakati ziwa ni hilo hilo? Na hao waliopo ni wenzetu kabisa au ni kanisa jingine? Maisha ya ushirika yakoje? Halafu kijana wangu alikuwa mwaka wa pili wa kipaimara, atafanyaje?"

Jibu:

Marahaba dada, karibu Kisumu na pole kwa kuzungushwa. Nitajibu kwa urefu kidogo maana hilo swali la kwanza ukishalielewa hayo mengine yanajijibu nusu. Walutheri wa Kisumu ni watu waliohamia. Kila mmoja amekuja na imani yake vile wewe umekuja na yako, wengi kutoka Kisii na Nyamira, wengine vijiji vya Wajaluo huku kandokando ya ziwa, wachache Rift Valley na wachache ng'ambo kwenu. Hakuna mmishonari wa Kilutheri aliyeshuka hapa na treni za kwanza akapewa ploti karibu na stesheni, na hiyo ploti dada ndo ilikuwa kila kitu.

Angalia venye mambo yalienda. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence, ndo hapa Kisumu, na wakati huo huku kote kulikuwa bado kunahesabiwa Uganda, tukahamishiwa upande wa pili 1902. Reli ikishafika wamishonari nao wakaja mbio. Quakers wakashika Kaimosi 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakafika Kisumu 1903, na 1906 CMS, misheni ya Waanglikana, wakaanza Maseno na mwaka huo huo Wasabato wakatua Gendia ng'ambo ya ghuba, halafu Church of God wakawa Kima kule Bunyore. Kisii nako Wakatoliki wakaingia Nyabururu 1911, Wasabato wakafuata Nyanchwa 1912. Wale Waprotestanti wakubwa wakaelewana kila mtu abaki kwa eneo lake asiingilie mwenzake, na kila stesheni ikawa na shule, zahanati na nyumba ya kanisa. Shule ndo ilikuwa mlango. Babu aliyejifunza kusoma Maseno alibatizwa Maseno, watoto wake wakawa Waanglikana na wajukuu pia, na hata mtu asiyekanyaga kanisa mwaka mzima ukimuuliza dini yake atakwambia ni Anglikana bila kufikiria. Kwa hivyo wakati Walutheri wanafika huku magharibi viti vilikuwa vimekaliwa zamani.

Sasa utauliza, kwani Wajerumani walikuwa wapi, si ndo walileta Ulutheri kwenu? Walikuja Kenya, na mapema sana kuliko wengine, lakini mambo yao hayakushika. Krapf aliyefika Mombasa 1844 na Rebmann aliyemfuata 1846 walikuwa Wajerumani wa Württemberg, wamelelewa kwa kanisa la Kilutheri, lakini waliajiriwa na CMS ya Uingereza kwa hivyo walichopanda kikavunwa na Waanglikana. Baadaye, 1886, misheni ya kutoka Bavaria ikaanza kazi kwa Wakamba, kwanza pwani halafu Ukambani kwenyewe, misheni ya Leipzig ikaichukua 1893, hao sasa walikuwa Walutheri haswa, wakahangaika huko na njaa na homa miaka mingi. Halafu vita ya 1914 ikalipuka. Huku kwetu vita haikuwa ya kuskia redioni, Wajerumani walivuka mpaka wakafika mpaka Kisii mjini, wakapigana na Waingereza hapo Septemba 1914. Baada ya hapo nani angemruhusu mmishonari Mjerumani abaki kwa koloni la Mwingereza? Waliondolewa, na stesheni za Ukambani zikaenda kwa AIM (Africa Inland Mission). Kwenu Bukoba Wajerumani wa misheni ya Bethel walikuwa wamefika 1910 na wao pia vita ikawatoa, tofauti ni kwamba waliruhusiwa kurudi baadaye na wakakuta Wahaya wenyewe wameshikilia kanisa. Ukambani hakuna aliyerudi. Ndo maana kwa zaidi ya miaka thelathini Kenya hakukuwa na kanisa la Kilutheri la wenyeji la kuzungumziwa, wakati ng'ambo mnazidi kukua mpaka makanisa saba yakaungana Juni 1963 kuwa KKKT, na askofu wenu Kibira akawa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani 1977.

Walutheri waliokuja huku na wakakaa ni Waswidi, mwaka wa 1948. Lakini hapa sharti uwe makini kidogo, maana watu wakiskia Waswidi wanafikiria kanisa la taifa la Sweden. Hawa walitumwa na shirika dogo linaitwa Bibeltrogna Vänner lililojitenga 1911 kwa sababu ya ubishi kuhusu Biblia, wao wakisema Biblia ni neno la Mungu lote na isianze kuchambuliwa hii ni kweli hii si kweli. Walikuwa wameshafanya kazi Eritrea na Ethiopia kabla. Wakaja wakajenga Itierio, pale Kisii, na kutoka hapo ndo kukatoka shule, zahanati, wainjilisti na mwishowe kanisa linaloitwa leo ELCK (Evangelical Lutheran Church in Kenya). Miaka ya 1960 na 1970 wakaongezeka wengine: Waamerika wa World Mission Prayer League wakaenda kaskazini kwa Wasamburu na Waborana, Wanorwei wakaenda Pokot, Wafini wakafanya kazi sana huku Nyanza. Karibu wote hao walitoka kwa mashirika ya uamsho yaliyokuwa na msimamo mkali kuliko maaskofu wao huko nyumbani. Mimi naona hii kitu ndo inaeleza kanisa letu kuliko mambo ya tabia ya Wakenya na tabia ya Watanzania ambayo watu wanapenda kuleta.

Kisumu yenyewe ikapata Walutheri kupitia barabara, ile ya Kisii, Oyugis, Sondu, Katito, Ahero. Mwalimu akapewa transfa, nesi akaajiriwa hospitali ya mkoa, mama wa ndizi akapata kibanda Kibuye, kijana akaja kutafuta kazi ya viwandani akakodi chumba Nyalenda ama Manyatta. Jumapili hao wanatafutana. Ushirika wa namna hiyo huanzia sebuleni kwa mtu, halafu darasa la shule, halafu mabati, halafu ndo harambee ya mawe, na kila hatua inaweza kuchukua miaka. Kwa hivyo usitafute jengo kubwa la zamani lenye mnara hapa kati ya mji kama yale ya kwenu, uliza mitaani. Na ukiuliza usiseme "Walutheri" tu, sema "ELCK", watu wengi wanajua hizo herufi kwa bango na hawajui zinasimamia nini.

Haya, swali la pili, kama ni wenzenu. Ndio na hapana, na nitakwambia wazi maana ukifika utaona mwenyewe.

Kenya kuna makanisa mawili ya Kilutheri yanayojulikana zaidi. Moja ni hilo ELCK la Itierio. Jingine ni KELC (Kenya Evangelical Lutheran Church), na hilo ni ndugu yako wa tumbo moja kabisa, maana lilitokana na KKKT, lilikuwa sinodi yenu ya Kenya kwa ajili ya Walutheri waliokuja Nairobi, likapata kujitegemea 1992. Lakini huku magharibi utakutana na ELCK zaidi. Ubatizo ni mmoja, Ungamo la Augsburg, lile tamko la imani ya Walutheri, ni lile lile, Katekisimu Ndogo ni ile ile, liturujia utaitambua kabla mchungaji hajamaliza sentensi ya kwanza, kanzu nyeupe na stola, rangi za mwaka wa kanisa, zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, kijani kile kipindi kirefu baada ya Utatu.

Pahali mtatofautiana ni uongozi na msimamo. Dayosisi nyingi za KKKT zimebariki wachungaji wanawake tangu miaka ya 1990, na KELC pia wako nao, ELCK haifanyi hivyo. Kwa hivyo kama kwenu ulizoea mama mchungaji madhabahuni huku hutampata, utapata akina mama wanafundisha, wanaongoza vikundi, kuna mashemasi wanawake, ila mimbari ya mchungaji ni ya wanaume. Hii si kitu cha kunong'onezwa, ELCK walijitokeza nayo mpaka nje ya nchi: Februari 2005 askofu wao wa wakati huo, Walter Obare, alienda Gothenburg akamweka wakfu askofu wa kundi la Waswidi waliokataa uamuzi wa kanisa la kwao, na kelele zake zilifika mbali. Tena ELCK hawakuwa na askofu siku zote, wa kwanza aliwekwa 1996, kabla ya hapo walikuwa wakiongozwa na rais, nadhani ndo maana mpaka leo wazee wa kanisa huku hawaogopi sana kofia za watu, mtu anasimama mkutanoni anauliza pesa ya mabati ilienda wapi.

Mimi sikushauri uingie ukitafuta ubishi huo wala uukimbie. Nenda ibada kadhaa kwanza. Ila Jumapili ya kwanza fika mapema, msalimie mchungaji kabla ya ibada, mwambie umetoka KKKT na umebeba barua ya usharika wako. Kama hukubeba, piga simu Bukoba watume picha yake kwa WhatsApp, karatasi yenyewe itafuata. Hiyo barua inasaidia mambo mengi, Chakula cha Bwana, ubatizo wa mtoto, hata mazishi, na inamwondolea mchungaji ile kazi ya kukuhoji kama askari wa mpakani.

Sasa maisha ya ushirika, na hapa ndo napenda kuongea.

Jumapili Kisumu si siku ya kupumzika kwa kila mtu. Soko la Kibuye siku yake kubwa ni Jumapili, na wengi wa akina mama Wakisii wanaouza ndizi na mboga hapo ndo hao hao nguzo za kanisa. Kwa hivyo usishangae mama anaingia ibada amefunga leso juu ya nguo ya kazi, anapokea baraka, anatoka haraka kabla matangazo hayajaisha, ameacha mzigo na jirani. Matangazo nayo ni marefu, jikaze. Yatasomwa sadaka ya wiki iliyopita mpaka shilingi ya mwisho, nani amelazwa, nani anaoa, gari la matanga linatoka saa ngapi, na siku hizi namba ya paybill, ya kutuma sadaka kwa simu, inarudiwa mara tatu kwa sababu nusu ya watu hawatembei na pesa taslimu.

Ukitoka nje utaona kitu unachokijua, mnada. Watu wanaotoa sadaka kwa vitu wanaleta kuku, mayai, mkungu wa ndizi, mara nyingine gorogoro (kopo la kupimia) la omena, yaani dagaa, na mzee mmoja mwenye mdomo anasimamia. Kuku anaanza mia tano, mwalimu anasema mia sita, kijana wa bodaboda mia saba, wanasukumana mpaka bei ya sokoni imeachwa nyuma, halafu aliyeshinda analipa na kumrudisha kuku auzwe tena, ama anasema huyu apewe mgeni. Dada, hiyo Jumapili ya kwanza mgeni ni wewe, kwa hivyo uende na mfuko na uwe tayari kubeba kuku hai kwa tuktuk.

Lugha ibadani mjini ni Kiswahili, na Kiingereza kidogo kidogo kwa vijana, lakini usidhani Kiswahili hicho kinaua lugha zingine. Kwaya itaimba Ekegusii wimbo huu, Dholuo unaofuata, na kila mtu anacheza wote. Kanisa la watu waliohamia linakuwa hivyo, huwezi kulifanya la kabila moja hata ukitaka. Kuna uzito wake pia. Mwaka wa uchaguzi mji huu unakuwa na wasiwasi, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuna watu wengi walihama mitaa hapa wakaogopa kurudi. Ushirika wenye Mjaluo, Mkisii na mtu wa Rift kwa benchi moja haukuwa na nafasi ya kujifanya hauoni. Sisemi ati kanisa lilimaliza hiyo shida, lakini watu waliokuwa na namba za simu za wenzao wa kwaya walikuwa na mahali pa kupiga.

Katikati ya wiki kuna ibada za nyumbani kwa zamu, mtaa kwa mtaa, watu wanakuja jioni, neno fupi, maombi, chai na mandazi, na hapo ndo utajulikana kuliko Jumapili. Akina mama wana siku yao, na ndani ya hicho kikundi mara nyingi kuna chama: kila mmoja anaweka kiasi mlichokubaliana, mmoja anapewa zote, wiki nyingine mwingine, na kuna mfuko wa kukopeshana. Ushauri wangu, ingia kwa kikundi cha akina mama mapema hata kama uko bize na kazi. Mwanaume anaweza kukaa mwaka mzima anasalimiwa tu mlangoni, lakini mama aliyeingia chama ndani ya mwezi mmoja anajua nani fundi mzuri wa maji, nani daktari wa watoto, na landlord gani wa kuepuka.

Halafu matanga. Hii lazima niikalie maana inashtua wageni. Karibu kila Mlutheri wa Kisumu akifa hazikwi Kisumu, anarudishwa nyumbani, Mjaluo dala (bomani) kwao, Mkisii kwao pia. Ninyi Wahaya mnazika kibanjani kwa hivyo hutahitaji kuelezewa sana. Lakini fikiria maana yake kwa ushirika wa mjini. Mtu akifa Jumapili kamati inaanza kukaa kila jioni, kitabu cha michango kinazunguka, kikundi cha WhatsApp kinabadilishwa jina, bili ya hospitali na ya mochari zinapigiwa hesabu, Ijumaa mwili unatoka, kwaya inajazwa kwa matatu, Jumamosi mazishi Ugenya ama Nyamache, jioni mchungaji anarudi amejaa vumbi na kesho saa mbili ana ibada. Ndo kazi yake Jumamosi nyingi za mwaka. Na ndo mahali utaona kanisa kwa ukaribu: mama wa Kisii ambaye hajui hata salamu kumi za Dholuo amekunja mikono anaosha masufuria kwa boma la Wajaluo, na mwezi ukigeuka wale wa boma hilo wako kwake Kisii wanafanya vivyo hivyo.

Kuna na mabishano huko bomani, sitakuficha. Wazee wa ukoo wana taratibu zao za mjane, za nyumba ya marehemu, za nani atangulie kuzikwa, mchungaji ana taratibu zake, na wanajadiliana mpaka usiku, mara nyingine wanaelewana, mara nyingine mchungaji anafanya sehemu yake anaondoka mapema. Sharika nyingi sasa zina mfuko wa welfare, familia inaweka kila mwezi na ikipata msiba inasaidiwa kwa kiwango kinachojulikana. Jiandikishe. Hata kama hujafiwa na hutaki kuwazia, kuusafirisha mwili kutoka Kisumu mpaka Bukoba si pesa ndogo.

Jambo lingine dogo: Aprili, Agosti na Disemba kanisa linabaki nusu. Watu wameenda ocha, yaani kijijini kwao. Krismasi ya kwanza hapa unaweza kujikuta na watu kumi na tano na kinanda kimefungiwa ofisini, usione kama kanisa limekufa, limehamia Kisii kwa wiki mbili. Watu wa mbali mnaobaki mjini ndo hupewa funguo, mara nyingi hata kusoma masomo yote matatu.

Sasa kijana. Asianze upya bila sababu. Mafundisho ni yale yale ya Katekisimu Ndogo: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Ungamo, na Sakramenti ya Altare, Luther aliiandika 1529 na hakuna dayosisi iliyoongeza kitu katikati. Kinachotofautiana ni ratiba na kitabu cha mazoezi. Mwombe mwalimu wake wa Bukoba aandike wamefika wapi, na kadi ya ubatizo uwe nayo. Masomo hapa hufanyika sana Jumamosi asubuhi ama baada ya ibada, na wakati wa likizo yanafinywa pamoja, kwa hivyo akija katikati ya muhula anaweza kuwa wa pekee aliye mbele ya wenzake na akachoka kukaa. Mwambie mchungaji hilo wazi siku hiyo hiyo ya kwanza, na uulize askofu anatarajiwa lini kwa kipaimara, kwa sababu kwa ushirika mdogo si kila mwaka anafika, huwa wanasubiri watoto wawe wa kutosha kutoka sharika kadhaa ndo wanamwita. Kama tarehe iko mbali sana na mnapanga kurudi Bukoba likizo, hakuna ubaya amalizie masomo hapa na abarikiwe kwenu mbele ya bibi yake, ila hiyo iandikwe barua kati ya wachungaji wawili kabla, si baada.